Mali bila daftari: namna duka dogo la Meru na Embu linavyoweza kupeleka oda bila gharama kubwa

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa Meru tunafikiria miraa, na tukitajiwa Embu tunafikiria muguka, hasa tangu Mei 2024 pale Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo kwa muda. Lakini kati ya miji hii miwili kuna biashara nyingine nyingi ndogo ndogo, na baadhi yake ni za watu wa kwetu.

Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa Mombasa, nimeolewa Meru. Nina duka la leso, madera, tende na viungo mjini Meru. Leso nazitoa Biashara Street, viungo navitoa Marikiti, na huja kwa basi la usiku. Hapa wananiita Mama Mombasa. Tuko watu watatu: mimi, wifi yangu anayekaa kaunta, na kijana mmoja kutoka Tigania anayefunga na kupeleka mizigo. Nusu ya mauzo yetu si ya watu wanaoingia dukani. Ni oda za simu kutoka Maua, Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu.

Naandika haya kwa sababu wengi wananiuliza, hata ndugu zangu wa Malindi na Ukunda, vipi duka la watu watatu linaweza kupeleka oda mbali bila kununua mitambo ya bei kubwa. Jibu langu ni fupi, lakini nililipata kwa aibu. Acheni nianze na aibu yenyewe.

Oda iliyonifunza

Ilikuwa Oktoba, siku za bonasi ya majani chai, wakati pesa inapoingia mikononi mwa wakulima wa Meru na Embu na simu yangu haitulii. Mama mmoja wa Embu aliagiza jozi 12 za leso za rangi moja. Kina mama wa kikundi chake walitaka kuzivaa Jumamosi kwenye sherehe ya mahari ya binti yake. Akalipa zote kabla.

Alhamisi kijana alipeleka mzigo kwenye ofisi ya vifurushi stejini. Ijumaa jioni mama akapiga simu: hakuna kitu. Nikamuuliza kijana. Akasema, "Mama, nilipeleka. Nilimpa karani mkononi." Nikamtaka risiti. Hakuwa nayo. Mbele ya wateja nikamwambia kuwa jozi 12 zitatoka kwenye mshahara wake. Hakujibu. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta, akaondoka.

Nilinunua leso nyingine kwa bei ya juu kwa mfanyabiashara mwenzangu, nikazituma Jumamosi alfajiri. Zilifika saa sita mchana, kina mama wameshatoka na nguo za rangi mchanganyiko.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu kutoka Chuka. Kulikuwa na kifurushi rafuni ambacho hakikuwa na mwenyewe. Kilikuwa changu. Juu yake palikuwa na mwandiko wangu mimi mwenyewe: jina moja tu la ubatizo, na namba ya simu yenye tarakimu tisa badala ya kumi. Mzigo ulishushwa njiani kwa makosa, na hakuna aliyeweza kumpigia mwenye mali kwa sababu namba niliyoandika haikuwa namba.

Nilipanda matatu hadi Tigania kumwomba radhi yule kijana nyumbani kwao, mbele ya mama yake. Alikubali kurudi kwa sharti moja. Alisema, "Nitarudi, Mama, lakini kila nikipeleka kitu uniandikie."

Wazee wetu walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa naijua methali hiyo tangu utotoni. Nilichokuwa sijui ni kwamba mali ikipotea bila habari, lawama humwangukia mdogo kuliko wote dukani.

Somo la wauza miraa

Baada ya mkasa ule nilianza kuwatazama wauza miraa wa upande wa Maua na Igembe. Bidhaa yao haina subira: ikikaa siku mbili tatu nguvu yake inapungua na bei inaanguka. Huchumwa, huchambuliwa, hufungwa vitita, huviringishwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, kisha huingia garini siku hiyo hiyo. Kazi hiyo ilikuwapo kabla ya simu za mkononi.

Ukitazama vizuri utaona mambo matatu. Kila mzigo una alama ya mwenyewe. Gari lina saa yake ya kuondoka, na aliyechelewa amechelewa. Na kule mzigo unakokwenda kuna mtu anayejulikana wa kuupokea. Alama, saa, mpokeaji. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatoka katika hayo matatu.

Hatua sita za oda

Oda yoyote, iwe ya leso moja au katoni kumi za sabuni, hupita hatua sita:

1. Kuipokea na kuiandika.
2. Kuhakikisha imelipiwa.
3. Kuitenga mali yake isiuzwe kwa mwingine.
4. Kuifunga na kuiandika anwani.
5. Kuisafirisha.
6. Kuhakikisha imefika.

Duka dogo hupoteza pesa pale ambapo hatua moja haina mwenyewe. Kwetu hatua ya 1 na ya 2 ni za wifi, ya 3 na ya 4 ni za kijana, ya 5 ni ya kijana na risiti yake, ya 6 ni yangu. Kama mko wawili, gawaneni tatu tatu. Kama uko peke yako, bado ziandike, kwa sababu jioni ukichoka hutakumbuka uliishia wapi.

Daftari moja, namba moja

Kifaa cha kwanza ni kauntabuku. Kwa chini ya Sh300 utapata moja nene itakayokutosha miezi kadhaa. Chora safu hizi: namba ya oda, tarehe, jina, simu, mahali, bidhaa na idadi, pesa, kodi ya M-Pesa, aliyefunga, aliyepeleka, risiti ya usafiri, imefika.

Namba ya oda iende mfululizo tangu Januari: 001, 002, 003. Usiirudishe nyuma, usiiruke. Oda ikifutwa, ikate kwa mstari mmoja na uandike sababu, lakini namba yake ibaki. Namba hiyo ndiyo alama ya mwenye mzigo. Itaandikwa kwenye daftari, kwenye kifurushi, kwenye ujumbe wa mteja na nyuma ya risiti ya usafiri. Mteja akipiga simu haulizi "ile leso yangu ya bluu iko wapi". Anauliza "214 iko wapi", na yeyote aliye dukani anaweza kumjibu.

Sisi huongeza herufi za mji: MRU, NKB, CHK, RNY, EMB. Kwa hiyo 214-EMB ni oda ya 214, yaenda Embu. Kijana akipanga vifurushi sakafuni, miji inajitenga yenyewe.

Simu isomwe kwa sauti. Mteja ataje tarakimu kumi, wifi azirudie. Hili huchukua nusu dakika. Lingenipunguzia safari ya Tigania.

Malipo: tazama simu yako, si picha ya mteja

M-Pesa imekuwapo Kenya tangu 2007, lakini bado kuna maduka yanayofungua mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe. Picha hutengenezwa. Kanuni yetu ni kwamba oda imelipiwa pale tu ujumbe unapoonekana kwenye simu ya duka au kwenye taarifa ya till. Wifi huandika kodi ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu kumi, mbele ya namba ya oda. Kodi moja haiwezi kulipia oda mbili.

Namba ya till au Pochi la Biashara ni bora kuliko namba yako binafsi, kwa sababu pesa ya duka haichanganyiki na ya karo na ya mboga. Jioni jumlisha pesa za daftari, kisha jumlisha za till. Zikitofautiana, tafuta usiku huo huo. Tofauti ya leo hupatikana kwa dakika kumi. Ya wiki iliyopita haipatikani.

Wapo wateja wanaotaka kulipa mzigo ukifika. Mjini Meru tunakubali, kwa kuwa bodaboda anarudi na pesa au na mzigo. Kwa Embu na Chuka tunaomba nauli ya kifurushi kwanza. Mteja mwenye nia hakatai nauli.

Usiuze usichonacho

Kosa la pili kwa ukubwa ni kukubali oda ya kitu ambacho kilishauzwa asubuhi kaunta. Huhitaji kuhesabu duka zima kila siku. Chagua bidhaa 10 zinazotoka haraka, zihesabu kila jioni, na uandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Nyingine zihesabu mara moja kwa wiki.

Kisha weka kikapu au rafu moja ya "zimeshalipiwa". Oda ikilipwa, mali yake inaondoka rafuni na kuingia kikapuni ikiwa na karatasi ya namba, hata kama itasafiri kesho. Hakuna mtu, hata mimi mwenye duka, anayeruhusiwa kuuza kutoka kwenye kikapu hicho.

Kufunga mzigo

Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo usifunge mzigo wa mteja kwa mfuko wa kimagendo ukajitia hatiani. Katoni za maduka makubwa, magunia safi ya sukari na karatasi za khaki zinatosha. Sisi hununua katoni zilizotumika, huzigeuza upande wa ndani ukawa nje ili maandishi ya zamani yasichanganye wabebaji.

Hapa mvua ni kubwa, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Nguo na tende vikae ndani ya gari, visifungwe juu ya keria. Msemeshe karani kuhusu hilo kabla hujalipa.

Anwani iandikwe kwa maka peni, mara mbili, upande wa juu na wa ubavuni: namba ya oda, jina la mteja, simu, mji, kisha simu ya duka. Simu ya duka ndiyo itakayookoa mzigo ukipotea. Usiandike kilichomo wala bei yake.

Na hapa kuna kanuni ya watu wawili. Anayefunga si yeye anayekagua. Kijana hufunga, wifi husoma daftari huku akitazama mzigo kabla ya kubandika selotepu: bidhaa, rangi, idadi. Wote wawili wanatia sahihi fupi. Ni dakika moja, na ndiyo dakika yenye faida kuliko zote katika siku yetu.

Usafiri: boda, matatu, Posta

Ndani ya mji, bodaboda. Chagua wawili au watatu unaowajua, wenye makao stejini karibu nawe, mkubaliane bei kwa mtaa na si kwa safari ya kubahatisha.

Kati ya miji, magari ya abiria yanayopita Nkubu, Chuka na Runyenjes hadi Embu ndiyo njia ya haraka. Barabara ni ya kama kilomita 130 na mzigo wa asubuhi unaweza kupokelewa siku hiyo hiyo. Tumia ofisi inayotoa risiti yenye namba. Biashara ya kubeba vifurushi huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hiyo uliza bila haya. Mzigo uliopewa kondakta mkononi bila karatasi ni mzigo ulioutupa.

Kwa mahali ambapo magari yako hayafiki moja kwa moja, au mteja aliye mbali zaidi, kuna Posta. Meru ni 60200, Chuka 60400, Embu 60100. Si ya haraka kama matatu, lakini wengi wa wateja wazee wana sanduku na wanaiamini.

Sasa njia mbili za kupunguza gharama, ambazo ndizo zilizotuokoa.

Ya kwanza ni saa ya kufunga. Oda iliyolipiwa kabla ya saa sita mchana inaondoka saa nane. Iliyolipiwa baadaye inaondoka kesho. Zamani kijana alikuwa akipelekwa stejini kila oda ilipolipwa: safari sita kwa siku, Sh50 kila moja, jumla Sh300. Sasa anakwenda mara moja na vifurushi vyote kwa Sh100. Tunaokoa Sh200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh5,200 kwa mwezi. Na wateja hawakulalamika, kwa sababu wanajua saa. Mteja hukasirishwa na kutojua zaidi kuliko na kungoja.

Ya pili ni kituo cha kupokelea. Mjini Embu nimekubaliana na mwenye duka la vitambaa. Jumanne na Ijumaa namtumia gunia moja lenye vifurushi vyote vya Embu, na wateja huchukua kwake. Vifurushi vinane vikienda kimoja kimoja kwa Sh150 ni Sh1,200. Gunia moja ni Sh300, na yeye namlipa Sh20 kwa kila kifurushi, yaani Sh160. Jumla Sh460. Naokoa Sh740 kwa safari moja, naye anapata wateja wanaoingia dukani kwake. Mwenye haraka bado anaweza kulipia kifurushi chake peke yake.

Ikiwa uko Mtwapa na wateja wako wako Kilifi na Malindi, hesabu ni hiyo hiyo. Tafuta duka moja la mtu mwaminifu kila mji.

Simu kabla ya kompyuta

WhatsApp Business ni ya bure. Ina lebo ambazo unaweza kuzibandika kwenye mazungumzo na kuzipa majina yako. Zetu ni tano: Oda mpya, Inangoja malipo, Imelipiwa, Imetumwa, Imefika. Ina pia majibu ya haraka, kwa hiyo wifi haandiki upya bei ya nauli ya Chuka mara kumi kwa siku. Na ina katalogi, ambapo picha, bei na namba ya bidhaa hukaa pamoja. Mteja hachagui tena kwa kusema "ile yenye maua".

Simu ya oda iwe moja, ikae dukani, isiende nyumbani na mtu. Oda iliyokuja kwa simu yangu binafsi, au kwa Facebook, au kwa shangazi aliyekutana nami kanisani au msikitini, haijawa oda mpaka iingie kwenye daftari.

Mkishazidi kama oda 30 kwa siku, au mkiwa na sehemu mbili za kuuzia, ndipo daftari la karatasi linaanza kuchosha. Hapo hamisheni safu zile zile kwenye jedwali la Google, ambalo ni la bure na watu wawili wanaweza kulifungua kwa wakati mmoja. Ipo pia programu ya Loyverse, ambayo huduma zake za msingi za mauzo na stoku ni za bure kwenye simu. Jambo la kukumbuka ni kwamba programu haitengenezi utaratibu. Aliyekuwa haandiki kwenye karatasi hataandika kwenye simu.

Kijana mmoja mwenye tai aliwahi kunijia na mfumo wa Sh4,500 kwa mwezi. Huenda ni mzuri. Lakini nilifanya hesabu mbele yake, na ninawaomba muifanye pia.

Hesabu ya oda moja

Tuseme jozi ya leso inanipa faida ya Sh250 na nauli ya Sh150 analipa mteja. Mimi natoa Sh50 za kufika stejini, Sh20 za katoni na karatasi, Sh10 za simu. Ninabaki na Sh170. Hiyo ndiyo faida yangu ya kweli, kabla ya kodi ya nyumba na mishahara.

Mfumo wa Sh4,500 ungekula faida ya oda 27 kila mwezi. Kwa duka la oda 60 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya jasho letu.

Sasa tuseme mzigo umekosewa na lazima nitume tena. Nauli Sh150 inakuwa juu yangu, na Sh50 za stejini tena. Sh170 toa Sh200 ni hasara ya Sh30, hata kama ule wa kwanza ulirudi salama. Ndiyo maana nasema dakika moja ya kukagua ina faida kuliko tangazo lolote. Kuongeza wateja huku unatuma mizigo mara mbili mbili ni kujaza maji pakachani.

Mzigo ukirudi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, maelezo ya kutosha na fidia akipata hasara kwa bidhaa mbovu. Usingoje upelekwe mbali. Andika masharti yako mafupi na uyatume pamoja na kila oda. Yetu ni haya: kosa likiwa letu, tunabadilisha na kulipa nauli zote mbili, mteja akibadili mawazo, anabadilisha ndani ya siku tatu kwa nauli yake, mali ikiwa haijatumika, tende na viungo vilivyofunguliwa havirudi. Mteja afungue mzigo siku hiyo hiyo na atume picha kama kuna tatizo.

Ukurasa mmoja wa daftari uwe wa makosa. Andika namba ya oda, kosa, hatua lilipotokea. Usiandike jina la mfanyakazi. Mwisho wa mwezi utaona yenyewe. Kwetu mwezi wa kwanza makosa mengi yalikuwa hatua ya 1, yaani mimi na wifi, sisi wa kuandika. Yule tuliyekuwa tukimlaumu alikuwa hatua ya 5.

Siri ya mteja

Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hata bila sheria, ni adabu. Usipige picha ya vifurushi vyenye namba za watu ukaweka kwenye status kuonyesha biashara inakwenda. Daftari lisikae wazi kaunta. Karatasi zenye majina zichomwe, zisifungiwe maandazi. Na namba ya mteja uliyopewa kwa ajili ya mzigo si ruhusa ya kumtumia matangazo kila asubuhi, muulize kwanza.

Daftari zuri lina faida nyingine: siku ya kutoa risiti za eTIMS za KRA, mauzo yako yote yako mahali pamoja na huanzi kukumbuka.

Msimu wa pesa

Kila mahali pana siku zake za msongamano. Hapa ni bonasi ya majani chai, Desemba, na kwa Waislamu wa Meru mjini, Ramadhani, ambapo tende huisha kabla sijageuka. Wiki tatu kabla, tunafanya mambo matatu tu: tunaongeza stoku ya zile bidhaa 10, tunakusanya katoni, na tunatangaza siku ya mwisho ya kupokea oda ya sherehe. Oda ya harusi au mahari tunaandika tarehe ya sherehe kwa wino mwekundu na kuituma siku mbili kabla, si siku moja. Nimejifunza hivyo kwa leso 12.

Dakika kumi za jioni

Kabla ya kufunga mlango, wifi husoma, sisi tunajibu:

- Oda za leo zote zina namba?
- Kila "imelipiwa" ina kodi ya M-Pesa?
- Kikapu kina vitu vingapi, na daftari linasema vingapi?
- Kila kilichotumwa kina risiti iliyobandikwa?
- Nani hajathibitisha kuwa amepokea? Mimi nampigia.

Hilo la mwisho usiliache. Mteja aliyepigiwa simu na kuulizwa "mama, mzigo ulifika salama?" huagiza tena. Yule mama wa Embu nilimrudishia nusu ya pesa na nikamwomba radhi. Alikaa mwaka mzima bila kuagiza. Mwezi wa Agosti alipiga simu akataka leso mbili tu, kama anayenijaribu. Oda 163-EMB. Iliondoka saa nane, ikafika jioni, nikampigia. Tangu hapo ameniletea kikundi chake.

Na kijana wangu? Bado yuko. Nyuma ya daftari ana safu yake, na kila anapotoka na mizigo mimi natia sahihi kwamba nimemkabidhi vifurushi vingapi. Akirudi anabandika risiti. Juzi kifurushi kimoja kilichelewa na mteja akaja juu kwa simu. Sikumuuliza kijana kitu. Nilifungua daftari, nikakuta risiti, nikasoma namba yake kwa karani, na mzigo ukapatikana Runyenjes kabla ya magharibi. Kijana alikuwa amesimama pale pale akifunga katoni nyingine, wala hakuinua kichwa.

Msomaji, kama una duka na wafanyakazi wawili watatu, nunua kauntabuku leo. Si kwa ajili ya mali peke yake. Mtu anayekufanyia kazi ana haki ya kuwa na ushahidi kwamba aliifanya.